Gugu karoti kwenye Boma Rhodes na majani ya tembo yaliyodumaa: upulizie nini, na wapi dawa itakula hela yako bure

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Arumeru. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, ekari moja na nusu ya nyasi za Boma Rhodes iliyo mwaka wa tatu sasa, na robo ekari ya majani ya tembo. Tangu vuli, Rhodes imejaa gugu lenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe, na upande wa bondeni ndago zinazidi. Majani ya tembo nayo kila nikikata yanarudi mafupi na ya manjano. Wateja wanalalamika kwamba maziwa yana uchungu. Mwaka jana viwavi weusi walinimalizia nyasi kwa siku tatu. Huwa nakata nyasi hadi chini kabisa ili nipate marobota mengi, na ghalani nina marobota 60. Wa duka la pembejeo amenishauri nichanganye dawa ya magugu na ya wadudu, nipulizie shamba zima mara moja. Nipulizie nini? Na marobota hayo naweza kuuza?

Jibu: Marahaba, ndugu mfugaji. Huo mchanganyiko uache dukani. Una matatizo manne tofauti, na ni moja tu ambalo dawa ya kupulizia inaweza kukusaidia sasa hivi, tena kwa kupulizia vipande vipande. Majani ya tembo yaliyodumaa hayatibiki kwa dawa yoyote iliyo dukani. Ndago zitaicheka dawa hiyo. Na viwavi wa mwaka jana hawapo. Ukipulizia leo utaua wadudu wasio na kosa na kuwalisha ng'ombe wako sumu.

Tuanze na maziwa, kwa sababu ndiyo yanayokupa hela ya wiki hii.

Onja maziwa ya kila ng'ombe peke yake, mara tu baada ya kukamua, kabla hujayachanganya kwenye ndoo moja. Kama yanatoka kwenye chuchu yakiwa tayari na uchungu, na ni kwa ng'ombe wote watatu, mkosaji ni chakula. Kama yanatoka matamu kisha yanakuwa machungu baada ya kukaa saa kadhaa, tatizo ni vyombo au namna ya kuyapoza, na gugu linasingiziwa. Kama ni ng'ombe mmoja tu, mkague kiwele: kamua michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi uone kama kuna madonge au maji maji. Baada ya hapo toa nyasi zote zenye gugu kwenye kihori kwa siku nne au tano, uwape majani safi, mabua ya mahindi au majani ya migomba pamoja na pumba na mashudu yao ya kawaida. Onja tena. Uchungu ukiisha, umepata jibu.

Kwa maelezo yako sitashangaa ukiisha. Gugu karoti (Parthenium hysterophorus) lina kemikali iitwayo patheni, chungu mno, inayopita kutoka tumboni hadi kwenye maziwa na hata nyama. Ng'ombe hawalipendi. Malishoni wanalikwepa, lakini likikatwa pamoja na nyasi, likakauka na kufungwa kwenye robota, hawana namna ya kulichambua. Likizidi kwenye chakula huleta vidonda mdomoni, ngozi kuchubuka na hata kifo. Na wewe mwenyewe linakudhuru: chavua yake huamsha pumu, na kulishika mara kwa mara huleta upele unaowasha ambao kwa baadhi ya watu hauishi tena, kila wakikaribia gugu unarudi. Watoto wasitumwe kuling'oa.

Hakikisha kwanza ni lenyewe. Likiwa changa hulala chini kama sahani, majani yametandazwa pande zote, yamekatwakatwa kama ya karoti au giligilani, rangi ya kijani iliyopauka yenye vinyweleo. Likikua husimama, shina lina mifereji ya kwenda juu na hugawanyika sana kileleni. Ua ndilo kitambulisho: kichwa cheupe kidogo kama punje ya mtama, na ukikiangalia kwa karibu kina pembe tano. Bangi mwitu hulifanana kidogo kwa majani, ila ile ina harufu kali ukiifikicha na maua yake ni ya manjano yaliyofungwa kwenye vijiti vyembamba. Kishona nguo kila mtu anakijua kwa mbegu zake.

Sasa, kwa nini limekuvamia wewe? Umejibu mwenyewe: "nakata hadi chini kabisa."

Rhodes huhifadhi nguvu ya kuchipua kwenye sehemu ya chini ya shina, ile sentimita kumi ya juu ya ardhi. Ukikata pale pale chini unaondoka na akiba, na shina linalazimika kuanza upya kwa kutegemea mizizi. Likifanyiwa hivyo mara mbili tatu hufa, hasa ukiwa umekata kuelekea kiangazi. Linapokufa linaacha duara la udongo mtupu. Mbegu ya gugu karoti haitaki zaidi ya hapo: unyevu, mwanga, na ardhi isiyo na mwenyewe. Huota wakati wowote wa mwaka mvua ikinyesha, huweza kutoa maua ndani ya wiki nne hadi nane tangu kuota, na mmea mmoja mkubwa huzaa mbegu zaidi ya 10,000. Zilizofukiwa kwenye udongo hubaki hai kwa miaka kadhaa.

Kuna na sababu ya pili ambayo wauza hei (nyasi zilizokaushwa) wengi hawaioni. Tani moja ya hei kavu ya Rhodes huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, na potasi kiasi hicho au zaidi. Tuseme mwaka ulitoa marobota 200 ya kilo 15. Hizo ni tani 3. Umebeba kilo 45 za naitrojeni, karibu sawa na mifuko miwili ya urea ya kilo 50. Kama hukurudisha kitu kwa miaka mitatu, nyasi zimechoka, na nyasi zilizochoka hazifungi ardhi. Samadi uliyonayo inarudi wapi? Kama yote inaenda kwenye migomba na mboga, Rhodes inawalisha jirani zake na yenyewe inalala njaa.

Kwa hiyo kuua gugu ni nusu ya kazi. Ukiliua na kuacha ardhi wazi, mvua ijayo litaota upya kutoka kwenye mbegu zilizo ardhini, safari hii zito zaidi. Ndiyo maana sikushauri kupulizia glaifoseti kando ya uzio kama wengi wanavyofanya: inaua gugu na nyasi pamoja, na miezi miwili baadaye uzio wote ni gugu karoti.

Fanya hivi.

Tembea shamba lote ukiwa na vijiti vyenye vitambaa, uweke alama kwenye kila kipande chenye gugu. Shamba la ekari moja na nusu linatembelewa kwa saa moja. Penye mmea mmoja mmoja, ng'oa kwa mkono. Ng'oa siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ukishika shina chini kabisa na kuvuta taratibu hadi mzizi mkuu utoke. Likikatikia juu ya ardhi hujafanya kitu, litachipua pale shingoni na kutoa maua likiwa fupi zaidi, chini ya kimo cha fyekeo lako. Ndiyo hasara ya kufyeka pia. Fyekeo hulifundisha gugu hili kuchanua likiwa limelala. Vaa glavu za mpira, mikono mirefu, suruali, na barakoa kama kuna maua. Ukimaliza, oga, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Mimea isiyo na maua unaweza kuiacha juani juu ya jiwe au bati ikauke. Yenye maua itie moja kwa moja kwenye salfeti pale pale ilipong'olewa, usiiburute shambani. Kichwa kimoja kina mbegu nne au tano na hudondoka kwa kuguswa. Salfeti hizo zichome shimoni. Usizitupe kwenye lundo la samadi kwa kudhani joto litaua mbegu. Lundo la kawaida la nyumbani huwa na joto katikati tu, pembeni ni baridi, na ndiko mbegu zinakosalimika.

Penye kipande kizima kilichofunikwa na magugu machanga, hapo ndipo dawa inapopata kazi. Kiambato unachokitaka ni 2,4-D aina ya amini. Kuna aina nyingine inaitwa esta. Hiyo hupaa kama mvuke jua likipanda na kuchoma mazao ya jirani hata kama hakukuwa na upepo. 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi zilizokomaa. Kumbuka hilo neno: zilizokomaa. Rhodes iliyoota majuzi, yenye majani chini ya matano, itadhurika. Na kunde zote za malisho, yaani lusani, desmodiamu, lukina, zitadhurika vibaya au kufa. Kama una mpango wa kupanda desmodiamu katikati ya nyasi, pulizia kwanza, panda msimu unaofuata.

Wakati wa kupulizia ni gugu likiwa bado limelala kama sahani, kabla halijainua shina, na udongo una unyevu. Likishachanua dawa hulikunja tu, linajisokota siku mbili tatu, kisha linamalizia mbegu zake. Wengi wanaosema "dawa ilikuwa feki" walipulizia wiki tatu wakiwa wamechelewa. Zile feki zipo pia, lakini si nyingi kama lawama zake.

Kipimo usikisie kwa kifuniko cha chupa. Pima bomba lako hivi: weka kambani eneo la mita 10 kwa mita 10 shambani. Jaza bomba maji matupu hadi alama unayoijua, pulizia eneo lile kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji uliyotumia kwa kujazia tena. Tuseme umetumia lita 2. Ekari ni karibu mita za mraba 4,000, yaani maeneo 40 kama lile, kwa hiyo unatumia lita 80 kwa ekari, ambazo ni mabomba matano ya lita 16. Kama lebo ya dawa yako inasema lita 2 kwa hekta, ekari moja inahitaji mililita 800, na kila bomba linapata mililita 160. Ukitembea polepole kuliko siku uliyopima, unazidisha. Ukibadilisha nozeli, pima upya. Tumia nozeli bapa, ishike nusu mita juu ya majani, asubuhi kati ya saa 1 na saa 3 kabla upepo haujaamka, siku ambayo huoni dalili ya mvua kwa angalau saa sita mbele. Kama jirani yako ana nyanya, maharage au kahawa upande ambao upepo unaelekea, siku hiyo usipulizie. Nyanya hujikunja kwa kiasi kidogo sana cha 2,4-D, kidogo kuliko pua ya binadamu inavyoweza kunusa.

Bomba lililobeba 2,4-D lisitumike tena kwenye nyanya au mboga. Wapo wanaosuuza mara tatu na kupona, na wapo waliopoteza kitalu kizima. Bei ya bomba la pili ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo. Kama hazipo kabisa, au lebo haina namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), rudisha chupa. Baadhi ya lebo za 2,4-D za Marekani, kwa mfano, zimetaja siku 7 kabla ng'ombe wa maziwa hajaingia na siku 30 kabla ya kukata hei. Yako ikitaja zaidi, fuata yako. Na usiwaachie ng'ombe kipande kilichopuliziwa hata kama unaona wanakitamani: mimea mingi yenye sumu ikinyauka kwa dawa huwa mitamu kwao, na ng'ombe aliyekuwa analikwepa gugu jana atalitafuna leo.

Tahadhari moja zaidi ya dukani. Ukipewa dawa yenye pikloramu au aminopiralidi ("hii ni kali, inamaliza vichaka"), ikatae kwa shamba la kulishia ng'ombe wa ndani. Ng'ombe hadhuriki, lakini dawa hupita tumboni ikiwa nzima, inatoka na kinyesi, na samadi hiyo ukiipeleka kwenye nyanya, maharage au viazi mviringo inayakunja majani kama ngumi. Inaweza kukaa kwenye samadi kwa miezi mingi. Watu hutafuta ugonjwa wa nyanya kila mahali isipokuwa kwenye lundo la samadi.

Baada ya kung'oa au kupulizia, ziba mapengo, na uzibe wakati mvua ipo. Njia ya bei rahisi unayo tayari: Rhodes hutoa mashina yanayotambaa juu ya ardhi na kuota mizizi kwenye kila pingili. Kata vipande vyenye pingili mbili au tatu na mizizi yake, pachika kila sentimita 30 kwenye pengo, kandamiza kwa kisigino. Kwa mapengo makubwa tumia mbegu: gramu 2 kwa mita ya mraba, ukichanganya na mchanga mkavu kwa sababu ni nyepesi kama manyoya na hupeperuka. Kwaruza udongo kwa reki, mwaga, kwaruza tena kidogo sana. Ikifukiwa zaidi ya sentimita 2 haitoki. Penye kipande ulichopulizia 2,4-D, tumia mashina msimu huu, mbegu iache msimu ujao.

Kuanzia sasa acha kimo cha sentimita 10. Funga ngumi na uisimamishe juu ya ardhi: ndicho kimo chako cha mundu, hakuna haja ya rula. Utapungukiwa marobota machache kwa mkato mmoja, utayarudisha kwenye mkato unaofuata. Kata nyasi zinapoanza kutoa vichwa vya maua, usisubiri zikauke zikisimama. Kila baada ya mkato, mvua ikiwepo, weka urea kilo 40 kwa ekari, majani yakiwa makavu. Ukiimwaga kwenye umande inaganda na kuunguza. Ng'ombe wasiingie hadi mvua imeiyeyusha yote, kwa maana urea ikilambwa ni sumu. Samadi iliyooza vizuri, tani 4 kwa ekari mara moja kwa mwaka kabla ya masika, itakupa potasi ambayo urea haina.

Ndago sitakupotezea muda mrefu. Zina vinundu ardhini vilivyoungana kama shanga, na ukilima kwa jembe unakata uzi na kila kinundu kinakuwa mmea. 2,4-D huzichoma majani tu. Udhaifu wake ni kivuli: hudhoofika sana chini ya nyasi zilizofunga. Kwamba zimejaa upande wa bondeni kunaniambia maji yanatuama hapo na Rhodes haipendi kusimama kwenye maji. Chimba mfereji mdogo wa kuyatoa, kisha lisha nyasi. Kama kipande kimeshakuwa ndago tupu, kilime mwanzo wa kiangazi, Juni au Julai, geuza mabonge vinundu vikae juani wiki mbili tatu, rudia, kisha panda upya mvua zikianza.

Majani ya tembo sasa, na hapa una habari mbaya inayowezekana.

Manjano na ufupi vinaweza kuwa njaa, na vinaweza kuwa ugonjwa wa kudumaa. Tofauti inaonekana kwa macho. Njaa hupaka shamba zima au mstari mzima rangi moja, inaanzia majani ya chini yaliyozeeka, na machipukizi hubaki na unene wa kawaida. Ugonjwa huchagua: shina hili limekwisha, la pembeni yake ni zima. Shina linaloumwa hutoa vichipukizi vingi vyembamba kama ufagio, pingili zimekaribiana, majani madogo ya manjano, na dalili hujitokeza hasa baada ya kukata. Ndiyo maana neno lako "kila nikikata" limenishtua. Ili usikisie, chagua mashina matatu mabaya, yape kila moja kiganja kidogo cha urea iliyochimbiwa pembeni kwenye udongo wenye unyevu, weka alama, rudi baada ya wiki tatu. Yakigeuka kijani na kupanda, yalikuwa na njaa. Yakibaki ufagio, ni ugonjwa.

Ugonjwa huu unasababishwa na fitoplazma, kijidudu kidogo kuliko bakteria wa kawaida kinachokaa kwenye mishipa inayosafirisha sukari. Hubebwa na mdudu mdogo mrukaji anayefyonza majani, Maiestas banda, lakini msafirishaji mkubwa kuliko wote ni binadamu mwenye pando la bure. Jirani anakata majani yake, anakupa vipandikizi, vinaonekana vizuri kabisa, ugonjwa unajitokeza baada ya mkato wa pili au wa tatu. Magharibi mwa Kenya uliwamalizia wafugaji wengi mashamba yao kwa njia hiyo.

Kupulizia yule mdudu hakusaidii. Anayeruka leo kutoka kwa jirani hajui kwamba jana ulipulizia, na shina likishaambukizwa haliponi. Chimba shina zima na mizizi yake kwa jembe, likauke juani, choma. Usiache kisiki. Majani yake unaweza kuwapa ng'ombe wako hapo hapo nyumbani, hayawadhuru, ila mashina yasiende kwa mtu mwingine wala yasibaki yametupwa mtaroni, yataota. Panga au mundu uliokata shina gonjwa uoshe kwa sabuni kabla ya kugusa zima.

Robo ekari iliyopandwa mita 1 kwa nusu mita ina mashina karibu 2,000. Yahesabu kwa mistari. Kama mashina yanayoumwa ni chini ya moja kwa kumi, chimba hayo na uendelee kukagua kila baada ya mkato. Yakifika theluthi, kwa maoni yangu usibembeleze, ng'oa shamba zima, kwa sababu utakuwa unapalilia na kumwagia samadi kitu kinachokufa. Mashimo yaliyobaki yasirudishiwe majani ya tembo msimu huo. Panda desmodiamu au lusani, au badilisha kabisa uweke brakiaria, nyasi nyingine ya malisho. Brakiaria ina adui zake, hasa utitiri mwekundu wakati wa kiangazi unaofanya majani yawe na michirizi ya manjano. Aina ya Mulato II inasumbuliwa sana, kwa hiyo ukinunua mbegu uliza aina.

Ukipata pando jipya, usichukue kwa kuangalia urefu wa majani siku hiyo. Mwombe mwenye shamba akukatie kipande, urudi baada ya wiki sita uone yanavyochipua. Na ukiona suke jeusi linalopaka masizi mkononi, hilo ni fugwe, ugonjwa mwingine wa kuvu. Shamba hilo lipite. Kenya wanazo aina za Kakamega 1 na Kakamega 2 zinazostahimili fugwe, lakini kustahimili fugwe si kustahimili kudumaa. Watu huchanganya hayo mawili na kununua kinga isiyo ya ugonjwa wao.

Kuhusu viwavi wa mwaka jana: weusi, wengi, siku tatu shamba limekwisha. Hao ni viwavijeshi wa Kiafrika, Spodoptera exempta, ambao hula hasa jamii ya nyasi. Wale viwavijeshi vamizi waliozoeleka kwenye mahindi tangu 2017 ni wengine, wana alama ya Y iliyogeuzwa usoni na hawatembei kwa kundi namna hiyo. Nondo wa exempta huja na mvua za kwanza baada ya kiangazi, wakiangushwa na upepo wa dhoruba, wanataga, mayai huanguliwa ndani ya siku chache. Kwa siku za mwanzo viwavi ni wadogo na huwezi kuwaona ukisimama. Wanakula karibu chakula chao chote katika siku za mwisho kabla ya kuingia ardhini. Ndiyo maana uliona "siku tatu": walikuwepo zaidi ya wiki.

Basi baada ya dhoruba ya kwanza ya vuli na ya masika, kuanzia siku ya saba, kila siku ya pili ingia shambani asubuhi, tenganisha nyasi kwa mikono hadi chini, zitikise juu ya salfeti nyeupe. Ukiwaona wadogo na nyasi zimekaribia kukatwa, kata mara moja na uziondoe. Umewanyima chakula na umeokoa hei. Kama nyasi ni fupi, hapo dawa ina maana: kiuadudu cha kundi la pairethroidi kilichosajiliwa kwa viwavijeshi, kipuliziwe jioni, na siku za kusubiri ziheshimiwe. Wakishafikia urefu wa sentimita tatu na wameanza kupungua, weka dawa chini. Wanaingia ardhini wenyewe, na hela yako itaua waliokwisha kuondoka. Dawa ya kuogeshea kupe isiingie kwenye bomba la majani hata kama kiambato kinafanana. Kipimo chake si cha mimea. Toa taarifa kwa ofisa ugani mapema, kwani taarifa ya shamba moja inawasaidia wa mbele. Na kama una ukoka pembezoni uliotafunwa na viwavi, usiwaachie ng'ombe wenye njaa mara moja kwenye machipukizi yake. Jamii hiyo ya nyasi inaweza kuwa na sianidi nyingi ikiwa imeshambuliwa. Subiri ikue.

Marobota 60: usiuze. Robota moja lenye maua linapanda shamba la mtu mwingine, na huenda hivyo ndivyo gugu lilivyokufikia wewe, kama si kwa matope ya trekta lililokuja kufunga. Yatoe ghalani yote, yafungulie sehemu moja yenye sakafu ngumu au turubai, siku isiyo na upepo, ukiwa na barakoa. Yaliyo na vichwa vyeupe hata vichache, choma. Yaliyo na majani ya gugu bila maua, chambua mashina yake (hukakamaa, yanaonekana kirahisi katikati ya nyasi), kilichobaki mpe ndama mkubwa au ng'ombe asiyekamuliwa, robo ya chakula chake na isizidi. Yaliyo safi yapange upande wa pili wa ghala. Zoa sakafu, vumbi nalo litie motoni. Halafu pale ulipofungulia, na njia yote kati ya shamba na ghala, na kuzunguka banda, pitia kila baada ya mvua kwa mwaka mzima. Miche ya kwanza itaotea hapo.